Plastiki ya bakteria na makapi ya mkonge wa Ngerengere

Msikilizaji, anayetoka Dar es Salaam kwa reli, akishavuka Ruvu na milima ya Uluguru ikaanza kujitokeza mbele yake, huwa ameingia katika nchi ya mkonge. Ngerengere imo katika nchi hiyo. Tangu enzi za Wajerumani mkonge umelimwa kandokando ya reli hii ya kati, na abiria aliyekaa dirishani huiona mistari yake iliyonyooka kama gwaride, na pengine singa nyeupe zilizoanikwa juani. Asichokiona ni kilichoko nyuma ya korona.

Korona, kwa asiyeijua, ni ile mashine kubwa inayoliponda na kulikwangua jani la mkonge mpaka singa zibaki peke yake. Katika kila kilo 100 za majani zinazoingia, singa inayotoka ni kama kilo 4 tu. Zilizobaki, kilo 96, ni maji, nyama ya jani, na vipande vya nyuzi visivyofaa kitu. Hesabu hiyo ina maana kwamba kila tani moja ya singa inayopelekwa bandarini huacha nyuma yake tani 24 hivi za makapi, mbali na maji ya kuoshea ambayo hufika hata lita 100,000. Kwa miongo mingi makapi hayo katika nchi yetu yamekuwa yakilundikwa yakaoza, na maji yake yakaachwa yatafute njia kuelekea mtoni.

Nawaomba wakazi wa Dar es Salaam wasidhani kuwa habari hii ni ya watu wa Morogoro pekee. Mto Ngerengere huanzia Uluguru, hupita bwawa la Mindu, hupita Morogoro mjini, kisha huelekea mashariki mpaka unapomwaga maji yake katika mto Ruvu. Na Ruvu ndio mto mkuu unaoinywesha Dar es Salaam. Maji ya makapi ya mkonge yana asidi, na yana vyakula vingi ambavyo bakteria wa mtoni huvishambulia kwa pupa mpaka hewa ya oksijeni iliyomo majini inakwisha, na samaki hubaki hawana pumzi.

Basi leo nataka kuzungumzia bakteria wa namna nyingine, ambao wakipewa makapi kama hayo huweza kutengeneza plastiki. Tena si plastiki ya milele kama tuliyoizoea, bali ile inayooza ardhini kama ganda la ndizi, ingawa kwa mwendo wa polepole zaidi.

Jina la kitaalamu la plastiki hiyo ni polihidroksialkanoati, neno ambalo hata mtangazaji mzoefu hulimeza kabla hajalimaliza. Wataalamu wenyewe huliita PHA na kupumzika. Ni jamii ya poliesta. Baba zetu waliovaa suruali za Tetron wanaijua poliesta, maana kitambaa kile kilikuwa poliesta. Poliesta yoyote ni mnyororo mrefu wa vipande vidogo vilivyofungamana, mfano wa shanga zilizotungwa katika uzi mmoja. Tofauti iko katika nani aliyezitunga. Shanga za Tetron zilitungwa kiwandani kutokana na mafuta ya petroli. Shanga za PHA hutungwa ndani ya mwili wa bakteria, na aliyezigundua ni Mfaransa Maurice Lemoigne wa Taasisi ya Pasteur, karibu miaka 100 iliyopita, mwaka 1926, alipokuwa akichunguza bakteria aitwaye Bacillus megaterium.

Kwa nini bakteria ajisumbue kutengeneza plastiki? Jibu ni njaa, lakini ni njaa ya aina yake. Mfikirie fundi mwashi ambaye mchanga na kokoto anavyo tele, ila saruji imemwishia. Nyumba hawezi kuijenga. Mchanga nao hautupi. Ataurundika pembeni mpaka saruji ipatikane. Bakteria anapokuwa na kaboni nyingi, yaani sukari, mafuta au asidi, lakini akakosa naitrojeni au fosforasi, hawezi kukua wala kuzaana, kwa sababu protini haijengwi bila naitrojeni. Hapo huigeuza ile kaboni ya ziada kuwa vidonge vidogo vya PHA na kuvihifadhi mwilini. Ni mafuta yake ya akiba, kama mkia wa kondoo wetu wa kienyeji. Kichekesho ni kwamba baadhi ya bakteria hawa huendelea kuweka akiba mpaka ukiwakausha na kuwapima, zaidi ya asilimia 80 ya uzito wao ni plastiki. Huyo ni kondoo ambaye mkia umemzidi mwili.

Wataalamu huwavuna, huwapasua, huvisafisha vile vidonge, na hupata unga mweupe. Unga huo ukipashwa moto wa nyuzi za Selsiasi 175 au zaidi kidogo huyeyuka na kumiminwa katika kalibu kama plastiki nyingine yoyote. Ile aina aliyoiona Lemoigne, iitwayo PHB, ina kasoro: ni ngumu lakini huvunjika upesi, na haupendi moto ukizidi. Aina nyingine za jamii hiyo ni laini na hunyumbulika vizuri zaidi.

Na kwa kuwa ilikuwa akiba ya chakula, viumbe wa udongoni wanaijua. Bakteria na ukungu wanazo vimeng'enya vya kuzikata shanga hizo moja moja na kuzila, na kinachobaki ni maji na hewa ya ukaa. Mfuko wa politini hauna bahati hiyo, kwani ni viumbe wachache mno wanaoweza kuishambulia politini, tena polepole sana. Hata hivyo nisije nikanukuliwa vibaya. PHA haiyeyuki kama chumvi. Katika udongo wenye unyevu na joto kitu chembamba huweza kuchukua miezi, na kinene zaidi huchukua miaka. Kikiwa kabatini kikavu, hukaa tu.

Sasa kama jambo hili limejulikana tangu 1926, mbona bado tunanunua maji katika chupa zisizooza? Tatizo ni gharama. Kampuni ya ICI ya Uingereza ililianza jambo hili kwa bidii baada ya mafuta ya petroli kupanda bei katika miaka ya 1970, na mwaka 1990 chupa za shampuu za Wella zilizotengenezwa kwa plastiki hiyo, iliyopewa jina la Biopol, zikaingia madukani Ujerumani. Lakini bei yake haikubebeka. Biopol ikapita mikononi mwa Zeneca, kisha Monsanto mwaka 1996, kisha kampuni ya Metabolix mwaka 2001. Metabolix ikaungana na kampuni kubwa ya nafaka ya Archer Daniels Midland wakajenga kiwanda Clinton, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, na mwaka 2012 yule tajiri akajitoa. Hata mwaka 2025 kampuni nyingine ya Marekani, Danimer Scientific, iliyokuwa ikitengeneza PHA kwa mafuta ya mbegu, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Anayekuja kwenu na mradi huu akiahidi utajiri wa haraka, mwulizeni habari za kampuni hizo.

Kiini cha gharama hiyo ni chakula cha bakteria. Ukimlisha sukari safi, unahitaji kama kilo 3 za sukari ili upate kilo 1 ya plastiki, na sehemu kubwa ya fedha za kiwanda huishia hapo. Hebu fikirini kumlisha bakteria sukari katika nchi hii, ambako mwanzoni mwa mwaka 2024 iliadimika mpaka Serikali ikatangaza bei elekezi! Ndiyo maana wataalamu wa nchi nyingi wakaacha sukari na kuanza kutafuta kaboni mahali ambapo watu hawakuizoea.

Wabrazili wa Serrana, jimbo la São Paulo, waliweka mtambo wao pembeni mwa kiwanda cha miwa ili sukari isisafirishwe na mabaki ya miwa yatoe nishati. Wengine wametumia mafuta ya mimea, hata yale yaliyokwisha kukaangia vyakula. Huko Dublin, mwaka 2006, Kevin O'Connor na wenzake walichukua polistairini, ile plastiki nyepesi ya vikombe na masanduku ya samaki, wakaichoma bila hewa ikageuka mafuta, kisha wakamlisha bakteria aitwaye Pseudomonas putida, naye akaigeuza kuwa PHA. Kwa maneno mengine, plastiki isiyooza iliingia mdomoni ikatoka plastiki inayooza. Na huko California kampuni ya Mango Materials huwalisha bakteria gesi ya methani itokayo katika mtambo wa kusafisha maji machafu.

Hapo ndipo ninaporudi Ngerengere na korona yake.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameyachunguza makapi ya mkonge kwa miaka mingi, lakini walichokuwa wakikitafuta ni gesi ya kuwasha. Waligundua kwamba makapi hayo yana kaboni kwa wingi ila ni maskini wa naitrojeni, na bakteria wa gesi hawafurahii hali hiyo. Mwaka 2004 Anthony Mshandete na wenzake, wakishirikiana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lund cha Sweden, walichapisha matokeo ya kuchanganya makapi ya mkonge na mabaki ya samaki, ambayo yana naitrojeni nyingi. Theluthi mbili mkonge, theluthi moja samaki. Gesi ya methani iliongezeka kwa asilimia 59 hadi 94 ikilinganishwa na kila kimoja kilipokuwa peke yake. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 2000, kampuni ya Katani Limited ikajenga Hale, mkoani Tanga, mtambo wa kuzalisha umeme kwa gesi ya makapi ya mkonge, kwa msaada wa shirika la maendeleo ya viwanda la Umoja wa Mataifa, UNIDO, na Mfuko wa Pamoja wa Bidhaa. Kwa hiyo habari ya kwamba makapi ya mkonge yanaweza kulishwa bakteria si ndoto ya mtangazaji. Imekwisha kufanyika katika ardhi hii.

Sasa sikilizeni jambo linalonivutia. Ule umaskini wa naitrojeni, uliokuwa kasoro kwa watu wa gesi, kwa watu wa plastiki ni sifa. Mnakumbuka yule fundi aliyeishiwa saruji? Bakteria wa PHA tunamtaka awe hivyo hivyo: kaboni tele, naitrojeni haba. Viwanda vya Ulaya hulazimika kupima kwa uangalifu lini wamnyime naitrojeni. Makapi ya mkonge yanakuja yakiwa tayari yamemnyima.

Njia za kufika huko ziko zaidi ya moja. Unaweza kukamua maji ya jani, ambayo yana sukari, na kumlisha bakteria moja kwa moja. Unaweza kupita njia ya methani kama wale wa California, ukitumia mtambo wa aina ya Hale. Mimi, kwa maoni yangu, naiona njia ya katikati kuwa ndiyo inayolingana na hali zetu. Makapi yakifungiwa bila hewa hayageuki gesi siku hiyo hiyo. Kwanza huchacha na kutoa asidi, kama asidi ya asetiki tunayoijua katika siki, na asidi ya propioniki. Ukiusimamisha mchakato hapo kabla gesi haijaanza, una supu chachu ambayo bakteria wa PHA wanaipenda. Tena ile asidi ya propioniki huwafanya watunge shanga za aina mbili badala ya moja, na plastiki inayotoka huwa haivunjiki ovyo kama PHB tupu.

Uzuri mwingine wa njia hii ni kwamba haidai bakteria wa ukoo mmoja wanaolindwa kama mtoto mchanga katika matangi yaliyochemshwa. Unachukua matope ya bwawa la maji machafu yenye bakteria wa kila kabila, unawalisha kwa wingi kwa muda mfupi, kisha unawashindisha njaa, na kurudia hivyo siku baada ya siku. Asiyejua kuweka akiba siku ya shibe hufa siku ya njaa. Baada ya wiki kadhaa tangi limejaa wenye kuweka akiba tu. Hili limefanyiwa majaribio katika nchi mbalimbali na linakubalika.

Lakini Ngerengere hakuna mtambo wa namna hiyo, na ni haki tuzieleze sababu zitakazoufanya uwe mgumu. Makapi ni mazito kwa sababu ya maji yake, kwa hiyo hayasafirishiki mbali. Mtambo lazima ukae mlangoni pa korona. Mkonge una saponini, zile kemikali zinazotoa povu kama sabuni, na hizo huweza kuwasumbua bakteria. Kupuliza hewa ndani ya matangi usiku na mchana kunataka umeme usiokatika. Na kuitoa plastiki mwilini mwa bakteria aghalabu hufanywa kwa klorofomu au kemikali nyingine kali. Haitakuwa na maana kuusafisha mto Ngerengere kwa mkono mmoja na kumwaga kemikali kwa mkono wa pili. Juu ya yote hayo, PHA huuzwa kwa bei ambayo ni mara kadhaa ya ile ya polipropilini, na dunia inazalisha zaidi ya tani milioni 400 za plastiki kwa mwaka, ambapo plastiki zote zitokanazo na mimea na viumbe, PHA ikiwa sehemu ndogo tu ya hizo, hazifiki asilimia 1.

Nimeitaja polipropilini, na hapo pana kisa ambacho watu wa mkonge hawakisahau. Mkonge uliletwa nchini na Dakta Richard Hindorf mwaka 1893. Kati ya miche 1,000 iliyotoka Florida, 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai, ikapandwa Kikokwe karibu na Pangani. Kutokana na hiyo 62 Tanganyika ikawa mzalishaji mkubwa kabisa duniani, na mwaka 1964 tulivuna zaidi ya tani 230,000. Lakini tangu mwaka 1957 polipropilini ilikuwa imeanza kuzalishwa kibiashara, na wakulima wa Ulaya na Marekani waliokuwa wakifungia nyasi za mifugo kwa kamba zetu wakahamia kamba za plastiki. Yalikuwapo na mambo mengine, yakiwamo ya uendeshaji wa mashamba baada ya kutaifishwa mwaka 1967, na wachumi hubishana kipi kilichangia zaidi. Miaka ya mwisho ya 1990 tulikuwa tumeshuka mpaka kwenye tani 20,000 hivi. Uzalishaji umepanda tena tangu hapo, ila hata nusu ya ule wa 1964 haujafikiwa. Magunia nayo yakawa viroba vya sandarusi, ambayo ni polipropilini hiyo hiyo.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba tutawabadilishia akina mama wa sokoni mifuko kwa plastiki ya bakteria, nitamwambia apunguze kasi. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na vikapu na mifuko ya nguo vikachukua nafasi yake bila bakteria yeyote kuombwa msaada. Gunia la katani nalo linaoza lenyewe, halina haja ya maabara.

Mahali ninapoiona kazi ya plastiki hii ni pale ambapo kitu kinaingia ardhini na hakitoki tena. Chukueni viriba vya miche. Kanuni za mwaka 2019 ziliruhusu vifungashio vya plastiki vya sekta ya kilimo viendelee, na vitalu vya miti hutumia viriba vya politini. Kwenye miteremko ya Uluguru, ambako upandaji miti ni suala la maji ya mto huu huu ninaousema, mche mmoja una kiriba kimoja. Kikichanwa hutupwa kando ya shimo, na asiyekichana huuzika mche na kamba ya kuinyonga mizizi yake. Kiriba cha PHA kingeingia shimoni pamoja na mche. Najua kuna wazee watakaonikumbusha kuwa magome ya migomba hufanya kazi hiyo bure. Ni kweli, kwa miche mia mbili nyuma ya nyumba. Kwa kitalu cha miche laki moja, inayokaa miezi kadhaa na kumwagiliwa kila siku, gome la mgomba huwa limekwisha kabla mche haujafika shambani.

Limebaki suala moja ambalo wahandisi hawalisemi sana, nalo ni la nani mwenye makapi. Leo ni taka, kila mtu anakukaribisha uyachukue. Tazameni molasi ya viwanda vya sukari. Ilipopata wanunuzi wa kutengeneza spiriti ikawa bidhaa yenye bei, na asiye na fedha haipati. Makapi ya mkonge yakianza kulisha bakteria yatapata bei vilevile. Mwenye shamba kubwa mwenye korona yake hana la kuuliza. Lakini wapo wakulima wadogo wanaopeleka majani yao kwenye korona ya mtu mwingine, na mapato yao huhesabiwa kwa singa iliyopatikana. Jani lao la kilo 100 huandikwa kilo 4. Kilo 96 hubaki pale korona, na kwenye karatasi ya malipo ya mkulima hazina hata mstari.